Ayala wa mapango ya Karmeli

Mwaka 1937 kilitoka Oxford kitabu kinene kuhusu mapango ya Mlima Karmeli, The Stone Age of Mount Carmel, na ndani yake mlikuwamo mchoro mmoja uliozua mabishano ya miongo mingi. Ni mstari tu, unaoyumba huku na huku kwa kufuata matabaka ya udongo wa pangoni. Unapoelemea upande mmoja, mifupa ya ayala ni mingi katika tabaka hilo. Unapoelemea upande wa pili, mifupa ya swala imezidi. Aliyeuandaa, Dorothea Bate, alitoa hoja ambayo hakuna mtaalamu wa mapango aliyekuwa ameitoa kwa namna ile: walipojaa ayala nchi ilikuwa na misitu na mvua, na walipojaa swala nchi ilikuwa kavu na wazi. Kwa kuhesabu meno na mifupa, alitaka kusoma hali ya hewa ya maelfu ya miaka iliyopita.

Sehemu kubwa ya mifupa aliyoihesabu ipo London, katika makabati ya Natural History Museum. Makumbusho hayo yanatunza vielelezo takriban milioni 80, na watu wanaopanga foleni kuwatazama dinosauri hupita bila kujua kwamba nyuma ya kuta kuna droo zenye mataya, vipande vya pembe na vifundo vya miguu ya ayala waliokufa Karmeli kabla binadamu hajajua kupanda mbegu. Vipande hivyo havivutii macho. Vingi vimevunjika, vina rangi ya udongo, na vingine bado vimeng'ang'aniwa na tope lililogeuka jiwe. Lakini watafiti wameendelea kuvirudia kwa zaidi ya miaka 80, na kila kizazi kimeondoka na jibu lake.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanamfahamu ayala kwa kumsikia katika Zaburi, si kwa kumwona porini. Ukoo wake haukuwahi kuvuka Sahara kuja kusini. Bara zima la Afrika lina ayala wa asili wa aina moja tu aliye hai, anayeishi katika misitu ya mpakani mwa Algeria na Tunisia. Zamani kaskazini hiyohiyo ilikuwa na ayala mwingine, mkubwa, ambaye alitoweka maelfu ya miaka iliyopita na mifupa yake imepatikana mapangoni huko Algeria na Morocco. Wanyama wa huku wanaofanana na ayala, kuanzia pofu, kongoni na nyumbu hadi kulungu na paa, wote ni wa ukoo mmoja na ng'ombe na mbuzi.

Tofauti kubwa iko kichwani. Pembe ya swala ni mfupa uliovikwa ganda gumu la aina ileile ya kucha na kwato. Humea taratibu na mnyama hufa nayo. Pembe ya ayala ni mfupa mtupu wenye matawi. Huota upya kila mwaka, mwanzoni ikiwa imefunikwa na ngozi laini yenye vinyweleo na mishipa ya damu. Ngozi hiyo hukauka, dume huikwangua kwenye miti, huingia vitani kugombea majike, na baada ya miezi kadhaa pembe hudondoka yote ili nyingine ianze kuchipua.

Kwa sababu hiyo shina la pembe lililookotwa pangoni ni ushahidi mzuri sana. Mtafiti huligeuza na kutazama chini, pale penye duara la vinundu. Likiwa na uso ulio huru, pembe ilidondoka yenyewe, na huenda mtu aliiokota porini akaja nayo pangoni kutengenezea zana. Likiwa bado limeshikamana na kipande cha fuvu, mnyama alikufa nayo kichwani, na kwa kuwa pembe hufuata majira, inawezekana kukadiria ni wakati gani wa mwaka alipouawa. Mfupa mmoja wa ukubwa wa ngumi unaweza kueleza kama watu walikuwa wakilala pangoni humo wakati wa kiangazi au wakati wa baridi.

Meno nayo yana habari yake. Gego la swala lina taji refu, kwa sababu mnyama huyu hula majani makavu yenye vumbi na mchanga, na jino hulika mwaka hadi mwaka. Gego la ayala lina taji fupi zaidi, na enameli yake inakwaruza kidogo ukiipitishia kidole. Limeumbwa kwa majani ya miti, vichipukizi na nyasi laini. Katika taya la chini, gego la mwisho lina sehemu tatu badala ya mbili, na kulika kwake humwezesha mtaalamu kukadiria umri wa mnyama. Mtu aliyezoea anaweza kutenganisha rundo la meno ya wanyama hao wawili mezani bila kusita. Bate alizoea kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake.

Alizaliwa Carmarthen, Wales, mwaka 1878. Mwaka 1898, akiwa na umri wa miaka 19 na bila shahada yoyote, aliingia Natural History Museum akaomba kazi katika chumba cha ndege. Makumbusho hayo yalikuwa hayaajiri wanawake kwenye kazi za sayansi, na hayakuanza kufanya hivyo hadi 1928. Bate akapewa ngozi za ndege azipange, kisha visukuku avisafishe, na akalipwa kwa idadi ya vielelezo alivyotayarisha. Utaratibu huo wa kibarua uliendelea kwa takriban miaka 50. Alipokabidhiwa rasmi usimamizi wa tawi la makumbusho hayo mjini Tring, mwaka 1948, alikuwa anakaribia kutimiza miaka 70. Alifariki miaka mitatu baadaye. Ni aibu ya taasisi za wakati ule kwamba mtu aliyezijengea sifa namna hiyo alihesabiwa kama msaidizi.

Kabla ya Karmeli alikuwa amekwisha kupanda milima ya visiwa vitatu vya Bahari ya Mediterania akitafuta mapango. Cyprus, kuanzia 1901, alipata viboko wadogo na tembo wadogo. Majorca, mwaka 1909, alipata mnyama wa jamii ya mbuzi ambaye macho yake yalitazama mbele na meno yake ya mbele yaliendelea kukua maisha yake yote, akamwita Myotragus. Katikati ya safari hizo, mwaka 1904, alikwenda Crete, na karibu na mji wa Rethymno kuna pango linaloitwa kwa jina lake hadi leo.

Ayala wa Crete wanastahili kusimuliwa hata na mtu ambaye nia yake ni kufika Karmeli. Kisiwa hicho hakikuwa na simba wala chui wa kuwakimbiza. Hawakuhitaji miguu mirefu wala miili mikubwa, na baada ya vizazi vingi umbo lao lilibadilika. Wanasayansi waliwapa jenasi yao wenyewe, Candiacervus. Aliye mdogo kabisa alikuwa na kimo cha takriban sentimita 40 begani, na dume lake lilibeba pembe ndefu zisizo na matawi ya kueleweka, zilizovimba nchani. Kisiwani humohumo waliishi pia ayala wakubwa kupita kiasi. Wachimbaji wa baadaye, hasa kutoka Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi, walikusanya mifupa mingi kutoka mapango ya pwani ya kisiwa hicho na kuipanga katika makundi yanayofikia manane. Kama ni aina nane kweli au ni aina chache zenye miili tofauti, wataalamu bado wanavutana.

Karmeli ilikuja kwa njia ya bandari. Serikali ya Waingereza iliyokuwa ikitawala Palestina ilitaka kujenga bandari mpya Haifa, na magenge ya mawe ya chokaa ya Wadi el-Mughara, kilomita 20 hivi kusini mwa mji huo, yalionekana kufaa kuvunjwa kwa ajili ya mawe. Mwishoni mwa 1928 Idara ya Mambo ya Kale ilimtuma Charles Lambert kuchimba kidogo kwanza. Alitoka na zana za mawe na mnyama aliyechongwa kwenye mfupa. Mpango wa machimbo ukaachwa, mawe yakatafutwa kwingine, na mwaka 1929 mwanaakiolojia Dorothy Garrod akaanza kazi iliyoendelea hadi 1934 katika mapango matatu: el-Wad, Tabun na Skhul. Garrod huyu ndiye aliyekuja kuwa profesa wa kwanza mwanamke katika Chuo Kikuu cha Cambridge, mwaka 1939.

Wafanyakazi wake wengi walikuwa wanawake wa vijiji jirani vya Ijzim na Jaba'. Wao ndio walioshika chekeche, wakapitisha udongo na kuokota vipande ambavyo jicho lisilozoea lingeviona kokoto. Mwaka 1932 mmoja wao, Yusra, aliona jino katika pango la Tabun. Jino hilo liliwaongoza wachimbaji hadi kwenye fuvu la mwanamke wa jamii ya Neanderthal, ambalo leo linajulikana duniani kwa jina la Tabun 1. Majina ya wanawake wengine hayamo katika orodha za wagunduzi. Vijiji vyao viwili vilibaki bila wakazi wake katika vita vya 1948.

Udongo wa Skhul ulikuwa umeganda ukawa mgumu kama zege. Mifupa ya binadamu iliyokuwamo ilikatwa pamoja na mabonge yake, ikasafirishwa, na kuchongolewa kidogo kidogo kwa vifaa vya daktari wa meno. Mifupa ya wanyama ilipakiwa kwenye masanduku na kupelekwa kwa Bate.

Kila kipande kilikuja na maneno mawili muhimu kuliko yote: jina la pango na herufi ya tabaka. Bila maneno hayo jino la ayala lingebaki kuwa jino la ayala tu. Bate alikuta fisi, chui, vifaru, viboko, ng'ombe mwitu na nguruwe mwitu. Alikuta hata ngiri, mnyama wa ukoo wa Kiafrika, akamwita Phacochoerus garrodae kwa heshima ya Garrod. Lakini walioongoza kwa wingi walikuwa wawili: swala wa milimani, jamaa wa karibu wa swala tomi wa Serengeti, na ayala wa Mesopotamia, ambaye jina lake la kisayansi ni Dama mesopotamica.

Hadi wakati huo kazi ya mtaalamu wa visukuku katika kitabu cha akiolojia ilikuwa kuandika orodha mwishoni: pango hili lilikuwa na fisi, kifaru, ayala, basi. Bate hakuridhika. Aliuliza ni wangapi, na kwa uwiano gani, na uwiano huo ulibadilikaje tabaka kwa tabaka. Alipopanga hesabu zake aliona kitu kilichomshtua. Kati ya tabaka C na tabaka B la Tabun, baadhi ya wanyama wa kale walitoweka na ayala wakafurika. Juu zaidi, katika matabaka ya el-Wad yaliyoachwa na watu wa utamaduni wa Natufi, takriban miaka 15,000 hadi 11,500 iliyopita, swala walikuwa wamechukua nafasi karibu yote. Aliona katika mabadiliko hayo mvua zikija na kuondoka, misitu ikitanda na kurudi nyuma.

Ilikuwa hoja ya kuvutia, na iliingia katika vitabu vya kufundishia. Kisha zikaanza kuja pingamizi.

Ya kwanza ilihusu nani aliyeleta mifupa pangoni. Mvua haibebi ayala mgongoni. Mtu ndiye anayembeba, au fisi. Wawindaji huchagua. Ayala dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 100, wakati swala wa milimani hafikii kilo 30, na mtu mwenye mkuki hakosi kuona tofauti hiyo. Kwa hiyo mstari wa Bate unaweza kuwa unaonyesha ladha, silaha na mazoea ya watu, na mvua ikiwa sababu moja kati ya kadhaa.

Ya pili ilitoka ndani ya Tabun kwenyewe. Arthur Jelinek, Mmarekani aliyechimba upya pango hilo kati ya 1967 na 1972, alitazama tundu lililofunguka katika paa la pango na kutoa wazo kwamba ayala wengi wa tabaka B huenda walitumbukia humo kutoka juu, na pango likawa mtego wa asili. Kama ndivyo, wingi wao hauna uhusiano mkubwa na chakula cha watu, na hauwezi kulinganishwa moja kwa moja na tabaka la chini yake. Njia ya kupima wazo kama hilo ni kurudi kwenye mifupa na kutafuta alama: mkato mwembamba wa kisu cha jiwe karibu na kiungo, mpasuko wa mfupa uliovunjwa ungali mbichi ili kutoa uboho, au shimo la jino la fisi. Alama za namna hiyo huonekana kwa hadubini, na zipo au hazipo kwenye mifupa ileile aliyoishika Bate. Watafiti wa karne hii wamekwenda London kuzitafuta.

Ya tatu inauma kidogo. Wachimbaji wa miaka ya 1930 walipenda vipande vinavyotambulika, yaani meno, mataya, pembe na ncha za mifupa mirefu. Vipande vya katikati ya mfupa, visivyo na umbo la kueleweka, mara nyingi havikuhifadhiwa. Leo wataalamu wanavililia vipande hivyo, kwa sababu alama nyingi za kisu na za kuvunja uboho hukaa hapohapo. Kilichomo kwenye droo ni sehemu ya kilichokuwamo pangoni, na kila hesabu inayofanywa kwa kutumia mkusanyo huo lazima ikumbuke hivyo.

Kuna pia maelezo mengine, yenye uzito kwa mtu yeyote anayejali wanyama. Katika eneo lote la mashariki mwa Mediterania, kadiri matabaka yanavyokaribia wakati wetu, wanyama wakubwa hupungua na wadogo huongezeka: kwanza ng'ombe mwitu na vifaru, kisha ayala, mwisho wanabaki swala, sungura, kobe na ndege. Baadhi ya wataalamu wanasema hiyo ni dalili ya watu kuongezeka na kuwinda kupita uwezo wa mnyama kuzaana. Swala huzaa upesi na kuvumilia, ayala huchelewa. Kwa usomaji huo, mstari ambao Bate aliuona kuwa wa mvua ni kumbukumbu ya mwanzo kabisa ya binadamu kumaliza nyama ya nchi yake.

Kubishana huko hakumshushi Bate hata kidogo. Alikuwa wa kwanza kuonyesha kwamba uwiano wa wanyama wawili unaweza kuulizwa swali kuhusu nchi nzima, na wote waliompinga walitumia njia aliyoifungua. Zaidi ya hapo, aliacha mifupa ikiwa imeandikwa vizuri, kiasi kwamba mtu anayetaka kumkosoa anaweza kuifungua droo na kuanza kuhesabu upya.

Faida ya droo hizo imeonekana mara nyingine, nje kabisa ya ayala. Mwaka 2006 kundi la watafiti likiongozwa na Marian Vanhaeren lilitangaza katika jarida la Science kwamba miongoni mwa vitu vya Skhul vilivyokaa Natural History Museum tangu enzi za Garrod kulikuwa na makombe mawili madogo ya baharini yenye matundu. Udongo ulioganda kwenye mojawapo ulipimwa, ukalingana na ule wa tabaka lenye mifupa ya binadamu, lenye umri wa zaidi ya miaka 100,000. Hizo zilihesabiwa kuwa miongoni mwa shanga za kale zaidi zilizopata kujulikana, nazo zilikuwa zimekaa makumbusho kwa miaka zaidi ya 70. Mwaka 2012 Victoria Herridge na Adrian Lister walirudi kwenye meno ya tembo ambayo Bate aliyatoa Crete mwaka 1904, wakathibitisha kwamba mnyama yule alikuwa mamothi, mdogo kuliko mamothi wote wanaojulikana, mwenye kimo cha mita 1.13 begani. Yeyote anayeuliza kwa nini serikali zitumie fedha kutunza mifupa ambayo haionyeshwi kwa umma amejibiwa hapo.

Ayala mwenyewe, yule wa tabaka B, hakufia pangoni. Watu wa zama za mawe walimpenda kiasi cha kumpandisha kwenye vyombo na kumvusha bahari: zaidi ya miaka 9,000 iliyopita walimpeleka Cyprus, ambako hakuwapo, wakamwachia porini wamwinde. Barani aliendelea kupungua. Bunduki zilipoenea hali yake ikawa mbaya zaidi, na mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa ametoweka katika milima ya Palestina. Kufikia katikati ya karne hiyo wengi waliamini kuwa ametoweka duniani kote, hadi mwaka 1956 kundi dogo lilipogunduliwa katika vichaka vya kando ya mito ya Khuzestan, kusini magharibi mwa Iran. Wachache walipelekwa kuzalishwa katika hifadhi ya Kronberg, Ujerumani, na wengine wakahifadhiwa Iran kwenyewe.

Mwishoni mwa 1978, Iran ikiwa katika msukosuko wa mapinduzi, ndege ya abiria ya Israeli iliondoka Tehran ikiwa imebeba ayala majike wanne. Hao, pamoja na wengine kutoka Ujerumani, walifugwa katika kituo cha kuzalishia wanyamapori kilicho juu ya Mlima Karmeli, mwendo mfupi kutoka mapango yenye mifupa ya mababu zao. Kuanzia 1996 watoto na wajukuu zao walianza kuachiliwa katika bonde la Kziv, kaskazini, na baadaye katika vilima vya karibu na Jerusalem. Walioamua wapi waachiliwe walihitaji kujua kama nchi hiyo iliwahi kuwa ya ayala, na sehemu ya ushahidi wa jambo hilo ilikuwa mapangoni. Mapango yenyewe yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2012, kwa kuwa yanabeba kumbukumbu ya nusu milioni ya miaka ya maisha ya binadamu.

Njia ya kusoma nchi kwa uwiano wa wanyama imetumika pia Afrika, tena kwa mafanikio. Katika miaka ya 1970 Elisabeth Vrba alichunguza mbuga za wanyama za bara hili na kuona kwamba mahali penye nyasi wazi, jamii za nyumbu, kongoni, nyamera na swala wa aina ya tomi na granti huwa zaidi ya asilimia 60 ya wanyama wote wa ukoo wa ng'ombe. Mahali penye miti mingi huwa chini ya asilimia 30. Akachukua kipimo hicho na kukipeleka kwenye visukuku vya mapango ya Afrika Kusini. Tofauti na Bate, alikuwa na mbuga zenye wanyama hai za kulinganishia, na hilo liliipa hoja yake nguvu ambayo mchoro wa Karmeli haukuwa nayo.

Pwani ya Afrika Mashariki ina pango lake la kusimulia habari kama hizi. Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani kusini mashariki mwa Unguja, limechimbwa tangu 2005, kwanza na Profesa Felix Chami na baadaye na timu nyingine. Katika matabaka yake ya chini wamo pundamilia na nyati, wanyama ambao hakuna Mzanzibari aliye hai aliyewahi kuwaona wakiishi porini kisiwani humo. Waliishi pale kwa sababu Unguja ilikuwa imeungana na bara. Bahari ilipopanda mwishoni mwa zama za barafu, njia ilikatika, na wanyama wakubwa wakaisha mmoja baada ya mwingine. Paa nunga wa Jozani, aliye hatarini sasa, ni miongoni mwa wachache waliobaki kutoka ulimwengu ule.

Mapango ya mawe ya chokaa na ya matumbawe yapo mengi kutoka Lamu hadi Mtwara, na katika visiwa. Mengine yanachimbwa kokoto na chokaa, mengine mbolea ya popo, na mengine yanatembelewa na watalii wanaoondoka na ukumbusho mfukoni. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ni ya tangu 1964, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Zote zinalinda vitu vya namna hii. Lakini ofisa wa idara hawezi kusimama mlangoni mwa kila pango. Mtu wa kwanza kuuona mfupa huwa mvunja mawe, mchungaji, mwongoza watalii au mtoto aliyekwenda kuchota maji, kama vile Yusra alivyoliona jino la Tabun kabla ya wasomi wote.

Kwa hiyo msomaji akikutana na mfupa, jino au pembe iliyoganda kwenye ukuta wa pango, asiing'oe. Apige picha, aandike jina la pango na mahali hasa kitu kilipo, kisha awape taarifa Makumbusho ya Taifa au Idara ya Mambo ya Kale, na kwa Zanzibar, idara inayoshughulikia makumbusho na mambo ya kale. Mfupa uliokwisha kutolewa katika tabaka lake bila kuandikwa hakuna maabara, hata iwe ya London, inayoweza kuurudisha.